Msiba wa Kradoki kwa Fundi Magodoro wa Temeke

Saa moja asubuhi jua la Temeke limeshaanza kuuma, na Apolinari Ishengoma anachapa sufi kwa fimbo mbili kama mtu anayemkomoa adui yake. Sufi inaruka. Inamwingia puani, masikioni, kwenye kope. Akipiga chafya, kuku wa jirani wanakimbia.

Mbele yake, chini ya banda la makuti, watu kumi na wawili wamekaa kwenye mikeka. Hakuna hata mmoja anayelipwa. Wamekuja wenyewe, wengine kwa miguu toka Mbagala, na kila mmoja ana kilima cha sufi mapajani anatoa kokwa moja moja.

"Fundi," anasema Bi Zubeida, muuza vitumbua, bila kuinua macho. "Vidole vyangu viko hapa. Kitabu kiko wapi?"

"Ngoja nimalize kuchapa, Bi Zubeida."

"Sie hatukuja kutazama unavyochapa."

Apolinari anatupa fimbo, anajipangusa mikono, anafungua kitabu penye kipande cha uzi, anaanza kusoma. Hivyo ndivyo magodoro yanavyotengenezwa Temeke mwaka huu wa 1955.

Godoro lililo mbele yake leo ni la futi nne kwa sita, kingo zimeshonwa mara mbili, na halikuagizwa na mteja yeyote. Ukitaka kujua ni la nani, inabidi kwanza umjue Kradoki.

Elba Kradoki ni mwimbaji wa Kimarekani, wa zile nyimbo za wachunga ng'ombe wenye kofia pana. Santuri zake mbili ziko kwenye hoteli moja ya chai kule Buguruni. Anaimba vizuri tu, halafu ghafla sauti inapanda juu, inavunjika, inashuka, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto akaliona tamu. Kitabu cha maisha yake kimeandikwa kwa Kiingereza. Apolinari alikipata toka kwa baharia mmoja aliyekuja kununua godoro na fedha pungufu.

"Nilitaka kukataa," anasema Apolinari. "Lakini yule baharia alikuwa ameshalala juu ya godoro. Utamwamshaje mtu?"

Wakati huo mambo yake hayakuwa mazuri. Godoro la sufi linauzwa shilingi ishirini na nane. Toa kitambaa, toa uzi, toa sufi yenyewe inayoletwa na punda toka Mbagala, halafu toa senti kumi kwa kila ratili kwa wachambuaji. Kinachobaki hakifiki shilingi nne. Na sufi isipochambuliwa mteja anarudi siku ya pili na mgongo wenye vidoti kama kanga.

Siku moja mvua ilinyesha, wachambuaji wakakwama bandani. Ili kuondoa uchovu Apolinari akaanza kusoma, anageuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo. Mvua ikakatika. Hakuna aliyeinuka. Kesho yake wakarudi na wenzao, na hakuna aliyetaja senti kumi.

Ila usidhani walikaa kimya. Wasikilizaji wa Temeke hawajui kusikiliza kimya. Kila ukurasa ulikuwa na baraza lake.

Sura ya kwanza tu palitokea ugomvi, pale mtoto alipopewa jina lile lile la baba yake, Elba Kradoki kwa Elba Kradoki.

"Ujinga," alisema Bi Zubeida. "Ukimwita mmoja wataitika wawili."

Kuhusu wake wanne wa Kradoki, aliowaoa mmoja baada ya mwingine na kuachana nao wote, Bi Zubeida pia alikuwa na maoni. "Angewaoa kwa pamoja wangesaidiana. Huyu kila mwaka ananunua sufuria mpya."

Kuhusu pombe, Filomena alisema mtu anayeimba namna ile hana budi kunywa, koo linakauka. Filomena ni mwanamke wa Tabora, mfua nguo, Mkatoliki wa kila Jumapili, na ana mikono ambayo ikishika sufi kokwa zinajitoa zenyewe kwa hofu.

Lakini lililowakera wote lilikuwa la farasi. Kradoki, akiwa na miaka kumi na tisa, alitoroka kwao na farasi wa baba yake, farasi wa pekee, akamuuza mjini, akanunua gitaa. Baba akasema asimwone tena. Santuri zikauzwa, jina likapanda, na Kradoki hakurudi nyumbani. Kila siku kitabu kilipofunguliwa kulikuwa na mtu wa kuuliza: "Kesharudi kwao?"

"Bado."

"Mwizi wa farasi huyo. Hata aimbe vipi."

Wachambuaji waliona kwamba fundi huwa anasoma habari za farasi haraka haraka, kama mtu anayepita makaburini. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Na sasa aje Mzee Mwishehe. Huyu ni Mzaramo wa hapa hapa, alibeba mizigo bandarini miaka ishirini na sita, mgongo ukakataa, sasa anachambua sufi na kunusa ugoro. Siku iliposomwa kwamba Kradoki aliwahi kutembea kwa miguu siku kumi na mbili akiswaga ng'ombe, huku amebeba gitaa na tandiko lake, Filomena alipiga mapaja yake kwa furaha.

"Huyu Mnyamwezi! Hakuna kabila jingine linalotembea hivyo na mzigo kichwani. Ndugu yangu huyu."

Mzee Mwishehe akaweka chini sufi yake, taratibu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara, na mtani ana haki zake.

"Umesema mwenyewe?" aliuliza.

"Nimesema."

"Mmesikia wote?"

"Tumesikia."

Toka siku hiyo Kradoki hakupumzika. Akipata fedha, Mzee Mwishehe alisema kaziiba. Akiugua, alisema ni uvivu. Picha ya jaladani aliitazama kila asubuhi na kuisalimia: "Umeamkaje, mtani, na hilo likofia kama ungo wa mchele?" Filomena naye akamjibu kwa niaba ya ndugu yake, na kazi ikawa inakwenda kwa kicheko.

Apolinari anatoka Bukoba. Mhaya hana utani na Mzaramo, kwa hiyo mambo hayo aliyaona kama mchezo tu. Ndipo alipoumia.

Mwezi uliopita Bwana Matar, mwenye duka la vyakula na vitambaa, alimwagiza magodoro manane. Binti yake Wahiba alikuwa anaolewa Ijumaa, na vyombo vya bibi harusi vilikuwa vinapelekwa Alhamisi jioni kwa ngoma na vigelegele, mtaa mzima ukitazama.

"Alhamisi alasiri yawe dukani kwangu," alisema Bwana Matar. "Yakikosekana napeleka gari mjini nanunua ya pamba ya kiwandani. Na nitamwambia kila mtu kwa nini."

Apolinari alielewa. Temeke nzima inanunua kwa kufuata anachonunua Matar. Yakipatikana manane, fundi amepona mwaka. Yakikosekana, akatafute kazi ya kufua na Filomena.

Jumatatu asubuhi magodoro matatu yalikuwa tayari. La nne lilikuwa limejazwa nusu, na manne hayakuwa hata na sufi safi. Apolinari alihesabu kurasa, akaona kitabu kinatosha hadi Alhamisi akisoma polepole. Akafungua penye uzi, akasoma ukurasa, akageuza, akasoma tena. Na humo mlikuwa mmeandikwa kwamba mvua ilikuwa inanyesha, na Elba Kradoki akateremshwa kaburini kilimani, karibu na kanisa dogo la mbao.

"Rudia," alisema Bi Zubeida.

Akarudia.

Filomena akaachia sufi, akajifunga kanga kiunoni, akatoa ukelele mmoja ambao ulifika barabara ya Kilwa. "Ndugu yangu! Kafa ugenini! Kafa bila kumwomba baba yake radhi!"

Kila mtu akaacha kuchambua. Maana msibani hakuna anayefanya kazi. Na Mzee Mwishehe akainuka, mgongo umepona ghafla, akaenda hadi kwenye godoro la nne lililokuwa limejazwa nusu, akalala chali katikati yake, mikono kifuani, macho amefumba, akimwigiza marehemu kama mtani afanyavyo msibani.

"Mzee," alisema Apolinari, "toka hapo. Nina kazi."

"Maiti haitoki. Maiti inatolewa."

"Mzee Mwishehe, nakuheshimu. Toka."

"Toa ugoro kopo moja, maiti itasogea."

Huku akisema hivyo, mkono mmoja wa maiti ukanyooka ukachukua sindano ndefu ya godoro, ya pekee aliyokuwa nayo fundi, ukaitia chini ya mgongo. Mkono wa pili ukachukua kitabu.

Apolinari akapandwa na hasira. "Una wazimu, mzee? Rudisha sindano yangu!"

Banda zima likashusha pumzi: aaah. Filomena akamvuta fundi kando.

"Ndiyo umefanya nini sasa? Mtani hakasirikiwi msibani! Akichukua kitu unamlipa huku unacheka. Ukikasirika faini inazidi."

"Kwani mie nimefiwa? Si ndugu yako wewe?"

"Mie jamaa tu. Aliyemleta Kradoki Temeke ni nani? Wewe ndiye mwenye msiba."

Toka kwenye godoro ikaja sauti: "Ugoro makopo mawili. Na jogoo."

Apolinari anakiri kwamba saa ile alitaka kulia kweli. Siku tatu za matanga zingekwisha Alhamisi asubuhi. Wachambuaji wote wanakaa tu, sindano iko chini ya maiti, na Bwana Matar ana gari.

Aliyemwokoa ni Bi Zubeida, na si kwa huruma. Mikono yake ilikuwa inamwasha kwa kukosa cha kufanya.

"Tusidanganyane," alisema. "Msibani wanawake tunakaaga bure? Tunachambua mchele. Sasa hapa mchele hakuna. Tuchambue kilichopo."

"Na mtani naye," akadakia Filomena, "si ndiye anayechimba kaburi, anakata kuni, anachota maji? Au siku hizi mtani wa Kizaramo analala tu kama gogo?"

Maiti ikafumbua jicho moja. Mzee Mwishehe anaijua mila yake, hawezi kuikataa mbele za watu. Akapokea ugoro makopo mawili na ahadi ya jogoo, akatoa sindano, akainuka akashika fimbo za fundi akaanza kuchapa sufi, huku akimtukana marehemu kila pigo. Kitabu alikataa kukitoa. "Hiki kinabaki kwangu mpaka matanga yaishe."

Habari ilitembea. Kufika jioni mtaa ulikuwa unasema fundi kafiwa. Jumanne wakaja watu wa Buguruni, wakaja wa Mbagala, na unga, na kuni, na mafungu ya mihogo. Kila aliyefika alitoa pole, akapewa mkeka na sufi. Hakuna aliyeuliza. Mtu akikuta watu sitini wanachambua kitu kwa huzuni, naye anachambua.

Mchana akatokea Bwana Matar mwenyewe, kanzu nyeupe, nyuma yake mchukuzi na nusu gunia la mchele wa ubani.

"Pole, fundi. Nimefunga duka nimekuja. Marehemu ni nani yako?"

Apolinari akamsogezea mkeka.

"Ni mtu wetu sote, Bwana Matar," alisema Filomena.

"Mungu amsamehe. Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mwimbaji."

Bwana Matar akatikisa kichwa, akakaa, akakunja mikono ya kanzu, akaletewa sufi. Akachambua kwa muda mrefu, na alichambua vizuri kwa mtu wa dukani.

"Sufi hii ya nani?" akauliza mwishowe.

"Yako," alisema Apolinari.

Jumatano saa nane mchana godoro la saba lilikuwa linafungwa. Bwana Matar alikuwa amerudi, anasema kakumbuka kwamba hakuuliza marehemu alikufa kwa nini. Mzee Mwishehe alikuwa amepumzika penye kivuli, kitabu mapajani. Hajui kusoma. Lakini miezi miwili ya sufi ilikuwa imevifanya vidole vyake visiweze kutulia, na vilikuwa vinachambua kitabu. Vikakuta kurasa nene kuliko nyingine. Vikabinya, vikasugua, vikatia ukucha. Zikaachana.

"Fundi," aliita. "Hizi mbona hukutusomea?"

Apolinari akaja akatazama. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amegundisha mgongo wa kitabu kwa uji wa muhogo, na uji ulikuwa umevuja ukashika karatasi sita pamoja. Alikuwa ameziruka zote bila kujua.

Akasoma kimya kwanza. Walioona wanasema uso wake ulibadilika rangi hata chini ya sufi.

"Soma kwa sauti!" alisema Bi Zubeida. "Au kuna wake wengine?"

Akasoma. Kradoki, akiwa na miaka arobaini na mmoja, aliamka asubuhi moja akanunua farasi mzuri kuliko yule wa zamani, akamwongoza mwenyewe siku nne hadi kwao. Alipofika mlangoni akakuta viti vimetolewa nje. Baba yake alikuwa amekufa juzi yake. Aliyezikwa kwenye mvua ni Elba Kradoki mzee. Elba Kradoki mwimbaji alikuwa amesimama kando ya kaburi ameshika hatamu za farasi, hajui ampe nani.

"Si nilisema," alisema Bi Zubeida, sauti imeshuka. "Ukimwita mmoja wataitika wawili."

Bwana Matar alikuwa anaangalia huku na huku. "Ngoja. Hivi marehemu yuko kitabuni?"

Filomena akainamia sufi yake.

"Nimefunga duka siku mbili. Nimetoa nusu gunia. Kwa mtu wa kitabuni?"

"Na hakufa, Bwana Matar," alisema Mzee Mwishehe kwa upole. "Kafa baba yake."

Bwana Matar akatazama sufi iliyokuwa mapajani mwake. Akatazama magodoro saba yaliyopangwa ukutani. Watu walikuwa wanangoja apasuke. Akaokota kokwa moja, akaitupa.

"Baba naye ni msiba," alisema. "Na huyo kijana, farasi alimfanyaje?"

Walichambua hadi magharibi. Alhamisi alasiri magodoro manane yalibebwa vichwani hadi dukani, na jioni mtaa mzima ukayaona yakipita kwa vigelegele. Bwana Matar alilipa yote, akakata bei ya mchele. Juzi ametuma ujumbe kwamba rafiki yake wa Buguruni anafungua nyumba ya wageni, anahitaji thelathini, na kwamba wakianza kusoma tena sura ya kwanza aitwe.

Jioni ile ya Jumatano, watu walipokuwa wanakunja mikeka, Apolinari aliwaambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu hapa mjini. Miaka saba iliyopita aliondoka Bukoba na baiskeli ya baba yake, mzee Adelard, baiskeli ya pekee kijijini. Akaiuza Mwanza ikawa nauli. Barua hajawahi kuandika hata moja.

"Mwizi wa baiskeli," alisema Filomena, lakini alisema kwa sauti ndogo, na akamwekea chakula.

Kwa hiyo godoro la tisa ni la mzee Adelard. Fundi ameshakata shauri. Wiki ijayo anapanda treni ya daraja la tatu hadi Mwanza, halafu meli hadi Bukoba. Mfanyabiashara mmoja toka kule aliyepita sokoni amemhakikishia kwamba mzee yu hai, ana nguvu, na bado analalamika kuhusu baiskeli. Kurasa arobaini zilizobaki za Kradoki atazisoma akirudi, magodoro thelathini yanamngoja. Kuhusu baiskeli mpya, anasema, fedha haifiki, labda mwakani.

"Sijui atasemaje," anasema Apolinari, anakata uzi kwa meno. "Labda atanifukuza. Lakini sitaki kukuta viti vimetolewa nje."

Anageuka kuchukua gunia la kufungia. Akigeuka tena anamkuta Mzee Mwishehe ameshalala chali juu ya godoro, mikono kifuani.

"Shikamoo, mzee," anasema Apolinari, na safari hii anacheka.

"Marahaba. Hivi wewe una akili? Umeondoka na baiskeli unarudi na godoro. Baba yako pedali ataikanyagia wapi?"

Banda linavunjika kwa kicheko. Apolinari anatia mkono mfukoni, anatoa kopo la ugoro. Siku hizi hatembei bila kopo.

Mzee Mwishehe halipokei mara moja. Anajigeuza ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, anasugua mgongo wake ule mbovu toka kichwani mwa godoro hadi miguuni, polepole, kama mtu anayetafuta kitu.

"Akikataa kusema na wewe," anasema akiwa amefumba macho, "mwambie alale kwanza. Mwambie mie nimelipima kwa mgongo wangu, halina kokwa hata moja. Haya, nipe changu niinuke."